Namba za monita zikinyooka, ndiyo mgonjwa kapona? Tafiti za ICU zinanichanganya

#1 NesiMkesha

Habari zenu wadau.

Nina miaka kumi na moja nauguza wagonjwa mahututi (ICU), mingi kati ya hiyo ni zamu za usiku. Wiki iliyopita nesi mgeni kwenye kitengo alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi hata siku ya mapumziko. Mgonjwa mapafu yameharibika pande zote mbili, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Oksijeni inacheza 89, 90. Hewa ya ukaa kwenye damu imepanda. Daktari kapita, kaangalia, kasema mashine isiguswe. Binti akaniambia: "Dada, si tuongeze tu ukubwa wa pumzi? Tukiongeza namba zinakaa sawa, jana niliona."

Na ni kweli zingekaa sawa. Nikamweleza jaribio la ARMA la Marekani, matokeo yake yalitoka mwaka 2000. Wagonjwa 861 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa pumzi za mililita 12 kwa kilo, jingine mililita 6, na kilo zenyewe ni za kukadiria kwa urefu wa mtu, si za mizani. Siku za mwanzo waliopewa pumzi kubwa ndio waliokuwa na oksijeni nzuri zaidi. Ungepita kitandani ungesema hawa wanapona. Mwishoni walikufa asilimia 39.8, wale wa pumzi ndogo asilimia 31.0. Pafu lilikuwa linatanuliwa mpaka linaumia huku kioo kinaonyesha mambo mazuri.

Akanijibu, "Kwa hiyo monita inatudanganya?" Nikakosa la kusema.

Ndilo swali langu kwenu. Mbona tafiti nyingi za wagonjwa mahututi zinaonyesha kwamba kuirudisha namba kwenye kiwango cha kawaida hakuokoi mtu, na mara nyingine kunaua? Tatizo ni namba, ni sisi, au ni tafiti zenyewe?

#2 Tabibu_Kijana

Dada uzi mzuri. Nakuongezea mifano miwili ambayo haisemwi sana.

Mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, presha inashuka kwa sababu mishipa imelegea, na mojawapo ya vinavyoilegeza ni gesi ya oksidi ya nitriki ambayo mwili wenyewe unaitengeneza. Ikatengenezwa dawa ya kuzuia utengenezaji huo. Presha zikapanda, wagonjwa wakapunguziwa dawa nyingine za presha, kila mtu kafurahi. Jaribio kubwa la wagonjwa 797 likatoka 2004: waliopewa dawa walikufa asilimia 59, wasiopewa 49. Likasimamishwa kabla ya wakati.

Wa pili ni homoni ya ukuaji. Mgonjwa mahututi misuli inayeyuka, wote tunaiona, mtu anaondoka kitandani mifupa mitupu. Ikaonekana homoni hii inazuia mwili usipoteze protini. Mwaka 1999 yakachapishwa majaribio mawili pamoja, moja la Finland na jingine la nchi kadhaa za Ulaya. Kipimo cha protini kilipendeza. Finland vifo vilikuwa asilimia 39 kwa waliopewa na 20 kwa wasiopewa, kule kwingine 44 kwa 18. Yaani mara mbili.

#3 Mpita_Njia77

Nafuatilia kwa karibu. Asanteni.

#4 HesabuTupu

Naomba nipinge kichwa cha uzi kwa heshima. Mnachagua mifano inayowafaa. Tafiti za namna hii zinaumana zenyewe kwa zenyewe, na sababu yake mara nyingi ni ukubwa wa jaribio na mahali lilipofanyika.

Chukueni sukari. 2001, Leuven huko Ubelgiji, wagonjwa 1,548, wengi wa upasuaji. Sukari ikabanwa kwa insulini ikae kati ya 4.4 na 6.1. Vifo vya ICU vikashuka kutoka asilimia 8.0 hadi 4.6. Dunia nzima ikaanza kubana sukari. 2009 likaja jaribio la NICE-SUGAR, wagonjwa 6,104, vituo vingi, nchi kadhaa. Waliobanwa sukari walikufa asilimia 27.5, walioachiwa mpaka 10 walikufa 24.9. Sukari kushuka kupita kiasi ilitokea kwa asilimia 6.8 ya waliobanwa dhidi ya 0.5.

Mimi najifunza hivi: kituo kimoja, timu moja yenye ari, jaribio haliwezi kufichwa kwa wanaotibu, basi faida inayoonekana ni kubwa kuliko iliyopo. Ukipeleka kwingine inayeyuka. Hakuna fumbo la mwili hapo, ni takwimu.

#5 BintiMkubwa

Samahanini, mimi si mtaalamu, nimefika hapa kwa kutafuta. Baba yetu alikaa ICU siku ishirini na mbili. Sisi watoto tulijifunza kusoma ile monita kuliko tulivyosoma uso wake. Ikipanda 94 tunapigiana simu, ikishuka 90 mama anaanza kulia. Siku moja nilimkuta nesi kamfungua macho baba, anaongea naye, amemgeuzia monita mgongo kabisa. Nilikasirika sana siku ile. Nasoma uzi huu naanza kuelewa kitu, ila sijui ni nini.

#6 NesiMkesha

BintiMkubwa, karibu mdogo wangu, na pole kwa yote. Usijilaumu kwa hasira ile. Ndugu wanashika namba kwa sababu ndicho kitu pekee chumbani wanachoweza kukisoma. Kosa letu ni kuwaacha peke yao na kile kioo.

HesabuTupu, nimekusikia, lakini Leuven umeipita haraka. Kule wagonjwa walipewa glukosi nyingi ya mshipani tangu siku ya kwanza, kwingine hawapewi hivyo. Huenda insulini ilikuwa inatibu sukari ambayo sisi wenyewe tumeimwaga.

#7 HesabuTupu

Hiyo hoja nzito, naikubali. Tena inaungwa mkono na kikundi kile kile cha Ubelgiji: 2023 walirudia kwa wagonjwa zaidi ya 9,000, safari hii bila kuwapa lishe ya mshipani mapema, na kubana sukari hakukufupisha siku za ICU wala kupunguza vifo. Basi nirekebishe. Si ukubwa wa jaribio peke yake. Ni kwamba tiba inajaribiwa juu ya desturi fulani ya matibabu, na desturi ikibadilika tiba ile inapoteza kazi. Ila hoja yangu ya vituo vidogo siiachii.

#8 Kisima_cha_Fiziolojia

Wadau mnaogelea juu juu, shukeni chini kidogo.

Namba tunayoiona ni *uamuzi* wa mwili. Moyo kwenda mbio, sukari kupanda, homa, damu kuhamishwa kutoka ngozini kwenda kwenye ubongo na moyo: hivi si ajali, mwili umevipanga. Mtu mwenye afya hatakiwi kuwa hivyo, lakini mtu aliye mahututi si mtu mwenye afya mwenye namba mbaya. Ni mtu mwingine. Ukimlazimisha awe na namba za mtu anayetembea barabarani unamnyang'anya silaha aliyoishika.

Damu ni mfano. Zamani mgonjwa mahututi himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikishuka chini ya 10 aliongezewa. Jaribio la TRICC la Kanada, 1999, wagonjwa 838: kundi moja lilisubiri mpaka himoglobini ishuke chini ya 7, jingine lilidumishwa juu ya 10. Vifo vya siku 30 asilimia 18.7 kwa waliosubiri, 23.3 kwa walioongezewa mapema. Tofauti ile ya jumla haikufika kiwango cha takwimu, HesabuTupu usinirukie, lakini hakuna aliyeweza tena kusema 10 ni lazima.

#9 ChumaMoto

Mkuu Kisima, ukienda na falsafa hiyo mpaka mwisho basi tusitibu chochote, mwili unajua. Mbona deksamethasoni iliokoa watu wa UVIKO? Jaribio la RECOVERY, 2020: waliokuwa kwenye mashine, vifo kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Uvimbe nao ni "uamuzi wa mwili", na tuliuzima, watu wakapona.

#10 Kisima_cha_Fiziolojia

Na kwa wasiohitaji oksijeni kabisa je? Jaribio lile lile halikuwaonyesha faida yoyote, na mwelekeo wa namba ulikuwa upande wa madhara. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule, hatua tofauti. Sijasema mwili haukosei. Nasema tujue unakosea wapi kabla ya kuingia na rungu.

Na kwa kuwa deksamethasoni ni steroidi, kumbuka jaribio la CRASH la 2004. Miaka na miaka walioumia kichwa walipewa steroidi ili ubongo usivimbe. Walipokusanywa watu 10,008, waliopewa walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, wasiopewa 17.9. Hesabu mwenyewe ni wangapi walipita mikononi mwetu kabla ya jibu lile.

#11 ChumaMoto

Hapo umenishika. Lakini kulaza kifudifudi hujanijibu. Unamgeuza mgonjwa, oksijeni inapanda mbele ya macho yako, na anapona. Namba na uhai vimekwenda pamoja.

#12 Tabibu_Kijana

Mkuu ChumaMoto, hapo ndipo penye utamu. Jaribio la PROSEVA, 2013, vituo karibu vyote vikiwa Ufaransa, wagonjwa 466 wenye hali mbaya ya mapafu, angalau saa 16 kifudifudi kila mara. Vifo vya siku 28: asilimia 16.0 dhidi ya 32.8. Baadaye wakaangalia: je, ambao oksijeni ilipanda ndio waliopona? Hapana. Aliyepanda na asiyepanda walifaidika bila kutofautiana. Inaonekana faida ni pafu kutanuka sawasawa bila sehemu moja kuvutwa kupita kiasi. Kupanda kwa oksijeni ni jambo linalotokea pembeni.

Kwa hiyo ukimgeuza mgonjwa na namba isisogee, usimrudishe chali kwa kukata tamaa. Nimeona ikifanyika.

#13 NesiMkesha

Nami nimeona. Na nimeshiriki. Tulimrudisha mtu baada ya saa tatu kwa sababu "haitiki". Sitaki kuendelea kulisimulia.

#14 Jembe_la_Mkono

Nyie mnazungumzia mashine. Kule kusiko na mashine habari ni dripu. Tafiti zilishaonyesha kwamba dripu inaua watoto. Mtoto anahara, anachomekwa maji, anakufa. Nashangaa bado zinatundikwa.

#15 MamaWaWodi

Jembe, kaka yangu, simama hapo hapo. Ulichoandika ni hatari, kuna mzazi anasoma hapa.

Jaribio ni FEAST, 2011, lilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto waliokuwa wanahara hawakuingizwa. Wenye utapiamlo mkali nao hawakuingizwa. Mtoto aliyekauka kwa kuhara anahitaji maji, na maji yanamwokoa, hilo halijabadilika hata chembe.

Walioingizwa ni watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri: mikono ya baridi, mapigo ya mbio, kucha kuchelewa kurudi rangi. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria, theluthi hivi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Wakagawanywa kwa kura, 3,141. Makundi mawili kati ya matatu yakapewa maji mengi kwa haraka, mililita 20 mpaka 40 kwa kilo, ama albumini (maji yenye protini ya damu) ama saline (maji ya chumvi). Kundi la tatu likapewa maji ya kawaida ya polepole tu. Wote walipata dawa za maambukizi, za malaria, oksijeni, damu wakistahili. Baada ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 wa albumini, 10.5 wa saline, 7.3 wa polepole.

Kwa hiyo si "dripu inaua". Ni *maji mengi ya haraka, kwa mtoto wa aina hii, mahali pasipo na mashine ya kupumulia*. Ukiondoa neno moja hapo unabadilisha maana.

#16 Jembe_la_Mkono

Nimekosea, naomba radhi kwa wazazi wanaosoma. La kuhara naliondoa. Asante mama.

Ila nina swali. Waliokufa walikufa kwa nini? Mapafu kujaa maji?

#17 MamaWaWodi

Wengi walidhani hivyo, mimi mmojawapo. Watafiti walipopitia kifo kimoja kimoja, kilichoongezeka zaidi ni moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba havikueleza tofauti ile. Na kuna jambo linaniuma kila nikilikumbuka: wengi wa waliopewa maji walionekana *kupata nafuu* saa ya kwanza. Mikono ikapata joto. Mapigo yakatulia. Halafu baadaye wakaporomoka. Ungekuwa peke yako wodini na mtoto mmoja, ungeapa kwamba maji yamemsaidia na ugonjwa ndio uliomuua.

#18 Kisima_cha_Fiziolojia

Ndicho nilichokuwa nasema. Mishipa ya mkono ilikuwa imefungwa kwa makusudi. Maji yakaifungua, ule mbano wa kujilinda ukaondoka.

#19 Tabibu_Kijana

Kisima, hiyo ni dhana moja. Wengine wanasema ni kloraidi ya saline kuleta asidi kwenye damu. Wengine ni kuizidishia maji damu ambayo tayari ni nyepesi. Na ya kloraidi ina mashaka, maana kundi la albumini nalo lilikufa vile vile.

#20 Kisima_cha_Fiziolojia

Albumini ile haikuja kavu, nayo imo ndani ya maji yenye kloraidi. Usiifute haraka.

#21 ChumaMoto

Wa watoto tumeelewa. Kwa watu wazima daktari Rivers alionyesha kinyume. Detroit, 2001, wagonjwa 263 wa sepsisi. Waliotibiwa kwa mpango wa saa sita za kwanza, maji mapema, presha ifike hapa, oksijeni ya mshipa mkubwa ifike pale, walikufa asilimia 30.5, wengine 46.5. Mpango huo ulifuatwa duniani kote.

#22 HesabuTupu

Na ukaja kupimwa upya mara tatu: ProCESS ya Marekani na ARISE ya Australia na New Zealand, zote 2014, kisha ProMISe ya Uingereza, 2015. Tatu zote hakuna tofauti. Kituo kimoja dhidi ya vituo vingi, nilisema.

#23 MamaWaWodi

HesabuTupu unapenda kushinda mwanangu, ila hapa hujashinda yote. Kati ya 2001 na 2014 huduma ya kawaida yenyewe ilibadilika. Watu walianza kuitambua sepsisi mapema, dawa za maambukizi zinaingia haraka, maji yanaingia kabla hata mgonjwa hajapigiwa kura. Kundi la ulinganisho lilikuwa tayari linatibiwa nusu ya njia ya Rivers. Unaweza kusema mpango ulishindwa, unaweza pia kusema ulishinda kiasi kwamba haukuonekana tena.

Na kuna jaribio la nne ambalo halitajwi vya kutosha. Zambia, 2017, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wana VVU. Mpango wa maji ya haraka na dawa za presha dhidi ya huduma ya kawaida. Waliofuata mpango walikufa asilimia 48.1. Huduma ya kawaida 33.0. Mpango unaofanana, wagonjwa wengine, wodi nyingine, jibu likageuka kabisa.

#24 HesabuTupu

Sina jibu la Zambia linaloniridhisha. Kituo kimoja pia, lakini mwelekeo unafanana mno na FEAST, siwezi kuuita bahati.

#25 Tabibu_Kijana

Jibu langu: "sepsisi" si ugonjwa mmoja. Ni jina tulilolipa kapu. Ndani ya kapu kuna kijana wa malaria, bibi wa maambukizi ya mkojo, mtu wa kifua kikuu kilichosambaa, aliyetoboka utumbo. Ukiwapa wote kitu kimoja, mmoja anapona, mwingine anakufa, wastani unasoma sifuri, na tunaandika "tiba haina faida". Tafiti nyingi zilizotoka kapa nadhani zimekufa hivyo.

#26 Fundi_Vipimo

Mimi kazi yangu ni vifaa, kwa hiyo naongelea swali la awali la dada: je, monita inadanganya? Wakati mwingine ndiyo, kabisa, na si mafumbo.

Kile kibanio cha kidoleni kinapitisha mwanga wa aina mbili na kukisia oksijeni kutokana na mwanga unaofika upande wa pili. Kanuni yake aliigundua Takuo Aoyagi, mhandisi Mjapani, miaka ya 1970. Rangi ya ngozi inameza sehemu ya mwanga. Ilishaonekana tangu 1990 kwamba kwa watu weusi kinakosea zaidi, na kukosea kwenyewe ni kwa kusoma juu. 2020 Marekani wakarudia kwa data kubwa: kifaa kinasoma kati ya 92 na 96, damu ikipimwa maabara iko chini ya 88. Hilo liliwapata wagonjwa weusi asilimia 11.7, weupe 3.6.

Sasa rudini kwenye 89 na 90 ya NesiMkesha. Kwa ngozi nyeusi hiyo 90 inaweza kuwa 85. Kukubali oksijeni ya chini ni sawa, lakini jua ni ya chini kiasi gani.

#27 Mpita_Njia77

Mkuu Fundi, mimi nimewahi kusoma ni asilimia 17 siyo 11.7.

#28 Fundi_Vipimo

Zote ni za utafiti ule ule. Kulikuwa na makundi mawili ya data: hospitali moja ya chuo, 11.7 kwa 3.6, na ICU za hospitali nyingi, 17.0 kwa 6.2. Karibu mara tatu pande zote.

#29 NesiMkesha

Fundi, hili naliandika kwenye daftari langu la zamu leo leo. Mgonjwa aliyebadilika sura na kioo kikasema 94, tutaomba damu ipimwe.

#30 BintiMkubwa

Naomba kuuliza. Watu wote hao "waligawanywa kwa kura". Baba hakuweza kusema hata neno. Nani aliwakubalia?

#31 MamaWaWodi

Swali kubwa kuliko yote ya humu. Kawaida anaombwa ndugu. Penye dharura, ambapo kila dakika ina uzito, kamati ya maadili inaweza kuruhusu mgonjwa aanze, ridhaa kamili ifuate. FEAST ilikuwa na njia hiyo: mzazi anaelezwa kwa kifupi, anakubali kwa mdomo, maandishi yanakuja mtoto akishatulia. Mimi niliwahi kukaa na mama aliyetakiwa kusaini baada ya mtoto kufariki, katika utafiti mwingine. Alisaini. Mpaka leo sijui kama tulikuwa na haki ya kumpa ile karatasi.

#32 ChumaMoto

Lakini mama, bila majaribio yale tungeendelea kuwamiminia watoto maji mpaka leo, tena bila kumwomba mtu ridhaa yoyote, kwa kuwa ilikuwa "matibabu ya kawaida".

#33 MamaWaWodi

Kweli. Na hiyo haimfuti yule mama.

#34 Mzee_wa_Kumbukumbu

Vijana salaam. Nimesoma wote. Mnauliza kama namba inadanganya au la, niwarudishe ICU ilipozaliwa.

Copenhagen, 1952, polio. Wagonjwa wa polio iliyopooza koo na kifua walikuwa wanakufa karibu asilimia 87. Maabara ilikuwa inapima damu na kukuta jumla ya hewa ya ukaa iko juu sana. Madaktari wakaisoma namba ile kuwa damu imekuwa na alkali kupita kiasi, kwa sababu isiyojulikana. Akaitwa daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Akaangalia namba zile zile akasema: hapana, hawa hawapumui, hewa ya ukaa imejaa ndani, hii ni asidi. Tarehe 27 Agosti akachukua msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, akatobolewa koo, akapumuliwa kwa mfuko wa mkono. Akaishi.

Mashine hazikutosha. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, jumla yao kama 1,500 wakipokezana zamu, wakakaa kitandani wakiminya mfuko, mchana na usiku, miezi. Vifo vikashuka mpaka chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua kitengo kinachohesabiwa kuwa ICU ya kwanza.

Namba haikudanganya hata siku moja. Ilisomwa vibaya na watu wenye elimu kubwa.

#35 Jembe_la_Mkono

Mzee, mimi nilichokiona hapo ni wanafunzi 1,500. Mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja, masaa yote. Mnatafuta siri kwenye homoni na maji, huenda siri ni mikono. Mpango wa Zambia ungekuwa na mtu wa kukaa na kila mgonjwa akiangalia pumzi inavyobadilika, maji yangesimamishwa mapema.

#36 HesabuTupu

Jembe, hilo linapimika na sijaona jaribio linalolipima kwa kura. Ila nakubali ni dhana nzuri kuliko ya kwako ya kwanza.

#37 Jembe_la_Mkono

Ulikuwa unaisubiri hiyo nafasi tangu #15 🙂

#38 Tabibu_Kijana

Kwenye habari ya mikono kuna jaribio la ANDROMEDA-SHOCK, 2019, nchi tano za Amerika ya Kusini, wagonjwa 424. Kundi moja liliongozwa na lakteti ya damu, asidi inayopanda mzunguko wa damu ukiwa mbaya. Jingine liliongozwa na kidole: unabonyeza ncha ya kidole kwa kioo sekunde kumi, unaachia, unahesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Zikizidi tatu, mzunguko bado mbaya. Walioongozwa na kidole walikufa asilimia 34.9, wa lakteti 43.4.

#39 HesabuTupu

P ni 0.06, haijashuka chini ya 0.05 inayotakiwa kwenye takwimu. Kusema "kidole kimeshinda" si halali.

#40 Tabibu_Kijana

Na kusema "hakuna tofauti" ni halali? Jaribio la pili, kubwa zaidi, lilitoka 2025: faida ilikuwepo lakini ilitokana na siku chache za kutegemea dawa za presha na mashine. Vifo havikutofautiana. Kwa hiyo sote wawili tupunguze sauti. Ila kipimo kisichohitaji umeme kimesimama bega kwa bega na cha maabara.

#41 MamaWaWodi

Ndicho kidole kile kile cha FEAST lakini. Kule kilitumika kuchagua nani apewe maji, na maji yakaua. Kuweni waangalifu na kidole pia.

#42 Kisima_cha_Fiziolojia

Mama umefunga goli ambalo sikuliona linakuja. Kidole kinasema damu haifiki. Hakisemi kwa nini, wala hakisemi "mimina".

#43 BintiMkubwa

Nimerudi kusema kitu. Nimempigia simu yule nesi aliyemgeuzia monita mgongo, namba yake mama alikuwa nayo. Akaniambia kila asubuhi walikuwa wanasimamisha dawa za usingizi ili waone kama baba anaamka, anasikia, anaweza kupumua mwenyewe. Sisi tulidhani wanamtesa. Je, hilo nalo lina utafiti?

#44 NesiMkesha

Lina, mdogo wangu. Chicago, 2000, wagonjwa 128. Waliosimamishiwa dawa za usingizi kila siku walikaa kwenye mashine siku 4.9, wengine 7.3, kwa kadirio la katikati. 2008 likaja jingine likaunganisha kuamshwa na kujaribiwa kupumua mwenyewe, na waliofanyiwa hivyo walikuwa hai wengi zaidi mwaka mmoja baadaye. Mgonjwa akiamshwa mapigo yanapanda, presha inapanda, kengele zinalia. Namba zote zinaharibika kwa muda. Nesi yule alikuwa anamtazama baba yako kwa sababu jibu lilikuwa usoni kwake.

Alikujibu nini kuhusu baba, kama si siri?

#45 BintiMkubwa

Alisema siku ya kumi na tano baba alimminya mkono mara mbili alipoulizwa kama anatujua. Hatukuwahi kuambiwa. Alifariki wiki iliyofuata. Lakini alitujua.

#46 Mzee_wa_Kumbukumbu

Pole sana binti yangu. Asante kwa kutuletea hilo.

#47 NesiMkesha

Nimelia hapa nilipo.

Wadau, zamu inaanza. Yule mgonjwa wa mapafu bado tunaye, amelazwa kifudifudi tangu saa kumi na moja jioni, tunamgeuza kesho asubuhi. Oksijeni yake haijasogea tangu amelazwa, ipo 90 ile ile. Nimemwambia nesi mgeni tusimrudishe, na tumeomba damu ya mshipa wa ateri tujue 90 hiyo ni ngapi kweli. Tabibu na Kisima, ya kloraidi endeleeni nayo, nitasoma alfajiri.

#48 Tabibu_Kijana

Kazi njema dada. Kisima, tuanzie kwenye albumini: ukisema nayo ina kloraidi, basi nipe kiasi.